Ugali Kwenye Karatasi ya Simiti

Asubuhi niliyoondoka Spring Valley sikuwa na mpango wowote zaidi ya kutoonekana. Nilipenya kwenye tundu la ua wa miiba nyuma ya nyumba tuliyokuwa tukijenga, nikiwa na blanketi moja, magazeti yangu ya picha niliyoyafunga kwa kamba, na shati la mikono mirefu nililovaa juu ya lingine ili ngozi isionekane hata nikiinua mkono kumsalimu mtu. Shingoni nilikuwa nimejifunga kitambaa. Nyasi zilikuwa na umande, na mbwa wa nyumba za wakubwa walinibwekea mmoja baada ya mwingine, kama wanaonikabidhi kwa mwenzao wa geti linalofuata. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimekwisha kuhama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, lakini siku zote nilihama kwa sababu nilitaka kuona kilicho mbele. Siku hiyo nilihama kwa sababu ya kilichokuwa nyuma. Sasa mimi ni mzee, na juzi tulimzika Wekesa, fundi wa viatu, ambaye nilikutana naye jioni ya siku ile ya kutoroka tukawa marafiki mpaka uzeeni. Pale mazishini, chini ya hema, vijana wa upishi walitugawia wali na nyama kwenye sahani za karatasi, kila mtu na yake. Siku hizi watu wanakula hivyo na hakuna anayeona ajabu. Mimi niliishika ile sahani bila kuanza kula. Mjukuu wangu, aliyekuwa ameketi kando yangu, akaniuliza kama chakula ni kibaya. Nikamwambia ni kizuri sana. Nikala haraka, kama mtu anayeogopa kuamriwa asimame, na tangu hapo ule mwaka haujaniacha.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Mwenye nyumba alikuwa amesafiri ng'ambo, kazi ikasimama, na mimi, niliyekuwa kibarua tu wa kubeba mawe, nikaachwa kulinda kuta. Vigae vilikuwa vimeezekwa, lakini milango na vioo havikuwapo. Nililala katika chumba ambacho kingekuwa bafu, kwa kuwa dirisha lake lilikuwa dogo na upepo ulikosa njia. Dereva wa lori aliniletea posho: unga wa mahindi, maharagwe, majani ya chai, sukari na chumvi. Nilijiona tajiri. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyeniita, na katika nyumba ya jirani alikaa mpishi mzee, Mmaragoli aliyeitwa Kegode, ambaye tajiri wake alikuwa akitupa magazeti ya picha kabla hayajachakaa. Niliacha shule darasa la sita, lakini sikuacha kutaka kujua. Katika magazeti hayo niliona samaki wa vilindini wenye taa usoni, na jinsi mtu anavyopanda mlima wa barafu, na wanawake ambao nywele zao ziling'aa kama kiatu kipya. Kegode naye alikuwa na hamu yake.

"Kila siku supu, supu," alinilalamikia kwenye ua. "Mtu mzima anakunywa chakula kama mtoto. Nipatie hayo maharagwe yako, kijana, nikupatie makaratasi ya kusoma."

"Utayapikia wapi, mzee?"

"Kwa nyumba yangu huko nyuma. Memsaab akisikia harufu nitamwambia ni chakula ya mbwa."

Nilifurahia biashara hiyo. Maharagwe yalitaka kuni nyingi na nusu siku ya kuchochea moto, na ugali ulikuwa tayari kabla sijamaliza ukurasa. Mboga niliiona ni usumbufu. Nilikula ugali kwa chumvi, nikateremshia chai ya rangi, na asubuhi nilikula kiporo chake kwa chai hiyo hiyo. Nilishiba kila siku. Hilo nalisema kwa sababu baadaye watu walidhani nilikuwa na njaa, na mimi sikuijua njaa mwaka ule hata kidogo. Tumbo langu lilikuwa limejaa kama ngoma, na huku sehemu nyingine zote za mwili zilikuwa zikidai kitu ambacho sikuwa na jina lake.

Mikono ndiyo iliyoanza. Nyuma ya viganja palikuwa pekundu na pa moto, kama nimeungua na jua, nami nikadhani ni chokaa niliyokuwa nimeifunika turubai. Kisha wekundu ukageuka weusi mkavu, ukapasuka kama tope la dimbwi lililokauka, ukaanza kubanduka. Kilichonitisha ni jinsi ulivyoishia. Ulifika pale mkono wa shati unapoanzia ukakatika, sawasawa pande zote mbili, kama nimevaa glavu. Wiki chache baadaye kitu kile kile kilinizunguka shingo, mkufu mpana mweusi uliokaa pale ukosi unapoachia ngozi. Pembe za mdomo zikachanika. Ulimi ukawa mwekundu na laini, chai ikawa inauunguza hata ikipoa, na tumbo likaanza kuharisha. Nilipochana nywele zilibaki kwenye kitana, na zile zilizobaki kichwani zilikuwa zimepauka, nyembamba, rangi ya katani. Nilizinyoa zote kwa wembe ili nisizione. Kegode, ambaye sikumwonyesha ila mikono, alinipa kopo la krimu ya tajiri wake lililobaki robo. Nilijipaka asubuhi na jioni. Ngozi ikang'aa, ikanukia maua, ikaendelea kubanduka.

Kijijini kwetu nilipokuwa mdogo kulikuwa na mtu mwenye ukoma aliyekaa kibanda cha peke yake ng'ambo ya kijito. Chakula chake kiliwekwa juu ya jani la mgomba, na aliyekileta alirudi nyuma kwanza ndipo yule mtu akatoka kukichukua. Sikumbuki uso wake. Nakumbuka jani, na jinsi aliyelileta alivyonawa kijitoni hata kama hakugusa chochote. Basi nikakaa katika lile bafu lisilo na bomba nikifikiria lile jani. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu wa ukoma hasikii maumivu, kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, nilivunja mwiba kwenye ua nikajichoma nyuma ya mkono. Ukiuma, nilishukuru. Lakini ngozi ilipozidi kuwa ngumu, mwiba ulilazimika kuingia zaidi ndipo niusikie, na sikuweza kujua kama ni mkono unaokufa au ni mwiba butu. Nikabadilisha miiba. Nikajichoma nikiwa nimefumba macho, nikajichoma huku naimba ili nijishtukize. Nimepitia mengi tangu wakati huo, na bado sijui hofu inayofanana na ile ya kungoja kuumia na kuogopa kwamba hutaumia.

Kisha kazi ikaanza tena. Waashi na vibarua walirudi, wengi wao watu wa Ukambani na watu wa kwetu magharibi, na nyumba ikajaa sauti. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilishinda na shati la mikono mirefu kwenye jua, nikisema nina homa. Saa ya chakula tulichuchumaa kuzunguka karai moja kubwa, ugali katikati na kabichi kando, kila mtu akimega upande wake. Hivyo ndivyo watu wa mjengo walivyokula, na anayekula karai moja na wewe hawezi kukuacha jukwaa likivunjika. Aliyegawa alikuwa Mutua, mwashi Mkamba mwenye sauti ya upole, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akigombana. Siku kadhaa tulikula hivyo. Mkono wa shati ulirudi nyuma kila nilipomega, nami niliuvuta, ukarudi tena. Ijumaa moja Mutua alikata donge la ugali kwa mwiko, akachana kipande cha karatasi ya mfuko wa simiti, akaliweka juu yake, akalimwagia kabichi, akakisukuma kuelekea kwangu kwa ncha ya ule mwiko.

"Wewe kula hapo, ndugu," akasema. "Karai imekuwa ndogo."

Karai ilikuwa ile ile. Nilikula. Ugali ulikuwa na vumbi la simiti, ukasaga meno, na hakuna aliyeniangalia. Walikuwa wakizungumza juu ya mpira, kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida. Nilipomaliza nikaikunja karatasi ndogo ndogo, nikaitia mfukoni, kwa sababu niliogopa kwamba nikiitupa mtu ataichoma moto mbele yangu. Baadaye nilijilaza katika bafu langu. Nyumba haikuwa na milango, na maneno ya sebuleni yalinifikia yakiwa mazima.

"Shingo yake umeiona?" Huyo alikuwa Barasa, kibarua wa kuchanganya zege.

"Nimeona," Mutua akajibu. "Kama mtu alifungwa kamba."

"Kwetu mtu akiwa hivyo tunauliza alivunja mwiko gani."

"Sisi hatuulizi. Tunahama."

Wakacheka. Hata mimi karibu nicheke.

"Nyapara akija Jumatatu aambiwe," Barasa akasema. "Gari ya serikali itakuja kumchukua, apelekwe kule kwa wenzake."

"Na sisi tuliokula na yeye?" Mutua akauliza.

Nilisikia mtu akinawa mikono ndani ya debe, kisha mwingine, kisha mwingine. Sikuwachukia. Wangenitukana ningejua la kufanya, lakini wale walikuwa wakiogopa kama mimi, na walikuwa wengi. Nilijua ni wapi kule kwa wenzake: kambi ya wenye ukoma. Watu wa kwetu walisema kuwa anayepelekwa huko huandikwa jina mara moja tu, wakati wa kuingia, kwa kuwa hatoki tena. Hivyo ndivyo nilivyopita kwenye tundu la ua kesho yake, kabla ya moto wa chai kuwashwa.

Niliteremka Westlands, nikafuata barabara kuelekea mjini kwa sababu inateremka na mimi nilikuwa dhaifu. Mjini watu walikuwa wamevaa vizuri, ilikuwa Jumamosi, na kila aliyenipisha njia nilidhani ameniona. Karibu na soko nikakuta foleni nje ya zahanati. Sikuingia kutafuta dawa. Niliingia kwenye foleni kwa sababu ndani yake kila mtu anaangalia mgongo wa aliye mbele, na nilikuwa nimechoka kuangaliwa usoni. Foleni ikanisogeza, nikajikuta mbele ya sista, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyenifungua kitambaa cha shingo kabla sijapata la kusema. Akanishika mikono yote miwili bila glavu. Akaniambia nitoe ulimi. Akaniuliza juu ya tumbo.

"Unakula nini?" akauliza.

"Ugali, sista."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Na nini tena?"

"Na chai."

Akamwita mwenzake. "Kuja uone hii." Wakainama wote wawili juu ya mikono yangu, wakazungumza Kiingereza, wakitaja neno refu nisilolijua. Mgonjwa akiitiwa mtu wa pili aje kumwona, sio jambo dogo.

"Kijana, usilie," sista akasema, nami sikuwa najua kwamba nalia. "Hii si ukoma. Mwili yako ina njaa."

"Mimi nashiba, sista. Kila siku nashiba."

"Tumbo ndiyo inashiba. Mahindi peke yake haitoshi ngozi, haitoshi nywele. Kula maharagwe. Kula njugu, maziwa, mayai, samaki, maini ukipata. Ngoja hapo kwa benchi nikuletee tembe."

Nimesoma mengi tangu siku hiyo, kwenye kila karatasi iliyonipitia mkononi, na nimeelewa kwamba alichoniambia kilikuwa kweli tupu. Mahindi yanashikilia sehemu ya uzuri wake mahali ambapo mwili wetu hauwezi kuufikia, na mtu anayeyala bila kitu kando huanza kulipa kwa ngozi yake, hasa pale jua linapopiga. Nywele nazo huota kutokana na kile ulichokula miezi iliyopita, kwa hiyo zinachelewa kuugua na zinachelewa kupona. Zangu zilirudi baada ya misimu miwili ya mvua, zikiwa nyeusi kuanzia kwenye shina, ncha zikiwa bado zimepauka, na kwa muda nilikuwa na kichwa cha rangi mbili. Mjukuu wangu anauza mafuta ya nywele na krimu za uso dukani kwake, vichupa vizuri, na mara nyingine ananiuliza nimepaka nini hata ngozi yangu ikawa laini hivi uzeeni. Huwa namuuliza kwanza amekula nini. Anacheka, anadhani nakwepa swali. Lakini pale kwenye benchi sikuamini neno hata moja. Mtu aliyekwisha kujiandaa kwa jambo kubwa akiambiwa ni maharagwe, anaona anadanganywa. Nilijiambia kwamba sista ananituliza tu, kwamba ndivyo wanavyofanya, wanampa mtu maneno laini na benchi ya kukalia mpaka gari lifike. Na wakati huo huo gari likaingia uani. Dereva wa sare ya kaki akachungulia mlangoni.

"Ni nani wa kupelekwa?" akauliza.

Bila shaka kulikuwa na mgonjwa mwingine. Pengine ni mama aliyekuwa na uchungu, pengine mzee aliyevunjika mguu. Sikungoja kujua. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikapita katikati ya shuka zilizoanikwa, nikaziacha tembe zangu kabla hazijaletwa, nikaacha na magazeti yangu chini ya benchi, na sikusimama mpaka nilipokuwa kwenye Barabara ya Ngong na pumzi imenikatika.

Nilitembea kuelekea magharibi mchana kutwa. Jua lilikuwa kali na mashati yalikuwa mawili. Chini ya mikaratusi nilipumzika mara nyingi, na kila gari lililopunguza mwendo nilijua ni lile la sare ya kaki. Nilikuwa na ile karatasi ya simiti mfukoni. Sijui kwa nini sikuitupa. Nadhani nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba ndiyo sahani yangu. Jua likielekea kuzama nilifika Dagoretti Corner, mahali nisipomjua mtu, nikazunguka nyuma ya maduka nikitafuta kona ya kujikunyata. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikinga maji bombani akaniangalia nikipita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

"Wewe kijana, unazunguka hapa kama kuku anataka kutaga. Unatafuta nini?"

"Mahali pa kulala, mama."

"Unafanya kazi gani?"

"Yoyote."

"Hiyo ndiyo kazi ya kila mtu hapa." Akajitwika debe. Jina lake, akasema, ni Mama Mumbua, na vile vyumba vya mbao ni vyake. "Mnakaa wawili kwa chumba. Chakula ya jioni napika mimi. Sahani ni moja kwa kila chumba, kwa sababu maji nabeba mimi, na sitaki kuosha vyombo kama mtu ako na harusi. Umesikia?"

Nilisikia. Nilisikia vizuri sana neno sahani, na nusura nigeuke nirudi barabarani. Lakini miguu ilikuwa imekataa, nami nikamfuata. Chumba kilinuka ngozi na gundi. Soli zilitundikwa ukutani kwa misumari, na kwenye kitanda kimoja aliketi mtu wa miaka thelathini hivi, bega moja juu kuliko jingine, akipiga kiatu cha mwanamke kwa nyundo ndogo. Huyo ndiye alikuwa Wekesa. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia, akasema basi karibu, ndugu, kitanda ni kile, kina kunguni lakini wamezeeka. Sikucheka. Mama Mumbua alikuwa amekwisha kuingia na sahani ya bati, kubwa, yenye ukingo wa buluu, imejaa githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, inayofuka mvuke. Akaiweka kwenye kigoda kati ya vitanda viwili, akaweka vijiko viwili, akatoka.

Nilitoa karatasi mfukoni, nikaikunjua juu ya goti.

"Ndugu," nikasema, "naomba uniwekee yangu hapa."

Wekesa akaiangalia. "Karatasi nafungia viatu ya watu. Chakula tunakula kwa sahani."

Ningeweza kunyamaza. Taa ilikuwa hafifu na mikono ya shati ilikuwa mirefu. Nadhani nilikuwa nimechoka kuivuta. Nikafungua kitambaa cha shingo, nikakunja mashati yote mawili mpaka kwenye kiwiko, nikaweka mikono chini ya taa. Nje nilimsikia Mama Mumbua akimwaga maji. Sauti moja tu ya Wekesa ingetosha kumrudisha mlangoni.

Wekesa hakupiga kelele. Hakunigusa pia. Aliisogeza taa, akaangalia kwa muda mrefu, kama anavyoangalia kiatu ambacho hajui kama kinafaa kushonwa.

"Uliambiwa ni nini?"

"Watu wa mjengo walisema ukoma. Sista wa zahanati alisema ni chakula, eti nile maharagwe. Sijui ni nani anadanganya."

"Sista anapata nini akikudanganya?"

Sikuwa nimejiuliza hilo.

"Na watu wa mjengo, wao wanapata nini?"

"Wao pia hawapati kitu."

"Basi ndiyo hapo, hakuna anadanganya." Akakuna shingo yake mwenyewe, taratibu, labda bila kujua. "Nisikudanganye, ndugu, mimi pia naogopa. Nina mke na mtoto nyumbani. Lakini sasa utalala wapi?"

Alichukua kijiko kimoja, akakipitisha mara mbili katikati ya githeri kutoka ukingo mpaka ukingo, akasukuma huku na huku mpaka likabaki tuta moja, refu, lililotenganisha pande mbili. "Huku kwangu. Huku kwako. Hii ya katikati ni mpaka."

Tukala. Mimi nilikula nikiangalia kijiko chake, yeye akila akiangalia changu. Githeri ilikuwa ya moto na yenye chumvi ya kutosha, na ilinichoma pembe za mdomo mpaka machozi yakanitoka, lakini sikuacha. Nilimaliza upande wangu. Yeye akamaliza wake. Katikati ya sahani ya bati likabaki lile tuta, limesimama peke yake, mahindi na maharagwe, limeguswa na vijiko vyote viwili kutoka pande zote mbili.

Wekesa aliliangalia. Nami nikaliangalia.

"Sista alisema maharagwe," akasema.

"Maharagwe. Na njugu, na maziwa."

"Maziwa hapa utaota tu." Akaingiza kijiko kwenye mpaka, akaanza kuchambua, mahindi upande wake, maharagwe upande wangu, moja moja, kwa makini ya fundi. "Chukua. Haya mimi naogopa kuliko hiyo mikono yako. Yananijaza upepo, na tunalala chumba moja."

Kisha akachota mahindi yaliyotoka katikati, akayatia mdomoni, akatafuna. Niliangalia kijiko kikiingia na kikitoka. Alikuwa akitafuna polepole, macho yake kwenye taa. Nikashika kijiko changu, nikala maharagwe yote ya mpakani.